Jogoo Aliyeponzwa na Pikapu Mpya

Saa moja kasorobo asubuhi, Mama Taratibu anajaza maji kwenye bakuli la bati hadi ukingoni, analiweka sakafuni kando ya kiti chake, kisha anawasha pikapu. Nyuma, juu ya godoro kuukuu, zimepangwa trei ishirini za mayai, jumla mia sita.

Barabara ni kokoto na makorongo matupu. Tunapofika mwisho wa safari, mwandishi wa makala haya, aliyekaa kando yake, anachungulia bakuli. Maji yamepungua kidole kimoja tu.

"Mwezi wa kwanza wa gari hili, yasingebaki hata ya kunawa," anasema akicheka.

Mama huyu wa miaka arobaini na sita hukusanya mayai kwa wafugaji na kuyapeleka kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga ya wifi yake, dada wa mumewe. Jina la Taratibu amepewa na madereva wanaomfuata nyuma wakipiga honi kwa hasira.

Kwa miaka tisa aliendesha pikapu iliyolegea kila kiungo. Wifi aliponunua mpya, mtaa mzima ulitoka kuitazama. Kipya kinyemi ingawa kidonda: aliifuta vumbi mara tatu kwa siku, na kila Ijumaa akaijaza upepo mpaka matairi yakawa magumu kama mawe. Gari likawa linamrusha kitini hadi kichwa kinagonga paa.

"Nilijua ndiyo afya," anasema. "Lile la zamani lilikuwa gonjwa, hili lina nguvu."

Hakuna yai lililopasuka. Lakini siku ya ishirini na moja ndani ya mashine, kati ya mayai mia sita, vilitoka vifaranga 140. Mzigo wa pili, 117. Lawama ziliwaangukia wafugaji. Bibi mmoja mjane wa ng'ambo ya mto aliambiwa mayai yake hayana mbegu, akamchinja jogoo wake.

"Aliniambia, 'Mwanangu, jogoo kazeeka, nami nimezeeka, acha mmoja wetu atangulie.'" "Nyama yenyewe alinipakulia. Nikala."

Wifi naye uvumilivu ulimwishia. "Mzigo ujao ukifa, funguo nampa mtu mwingine," alimwambia. "Undugu hauangui mayai."

Kesho yake alimwachia mumewe usukani, yeye akapanda nyuma na trei mapajani. Alitaka kujua yai linapatwa na nini huko. Hazikuisha kilomita mbili, akagonga bodi kwa ngumi gari lisimame, akashuka ameshika kiuno. Alipasulia yai moja kwenye sahani. Ganda lilikuwa zima, ndani kila kitu kimevurugika.

"Kumbe ni mimi! Jogoo wa watu kafa bure."

Fundi wa matairi alimwonyesha kibandiko kwenye mlango wa dereva. Upepo ule ulikuwa zaidi hata ya wa gari lililobeba tani nzima. "Mayai yako, mama, uzito wake ni wa mtoto wa darasa la tano," alimwambia. Akapunguza upepo, wakalaza magunia manne ya mchanga nyuma ili gari lisiruke, na Mama Taratibu akaanza kujifunza udereva upya kwa bakuli la maji.

Siku ya saba ya mzigo uliofuata, wifi alimwita chumba cha mashine, akazima taa, akamulika yai kwa tochi. Mishipa myekundu ilikuwa imetanda kama nyuzi, na katikati kidoa kinadunda.

"Mwili wote ulinisisimka. Miaka tisa nabeba mayai, nilidhani ni bidhaa. Kumbe nabeba mioyo."

Mwandishi naye anamulikiwa yai moja, na anajikuta akihesabu mapigo.

Leo mzigo ule umetimiza siku ishirini na moja, na chumba kizima kinalia. Vifaranga 512. Wifi anahesabu mara mbili, kisha anasema bila kugeuka, "Funguo kaa nazo, wifi yangu."

Mama Taratibu anachagua kumi, anawaweka kwenye boksi lenye matundu. Ni zamu ya kukusanya mayai ng'ambo ya mto.

"Wakiwa wadogo hivi hujui yupi jogoo, lakini katika kumi hakosekani atakayewika," anasema huku akijaza bakuli lake upya. "Nampelekea bibi. Na leo namwambia ukweli, hata akinifukuza: jogoo wake hakuwa na kosa."