Bastola Yenye Mkia

Jumamosi nilimsindikiza nesi Mkenya, mwenzangu wa kanisani, kwenye duka la bunduki huko Hockley, mtaa wa huku ughaibuni tunakoishi. Kibali anacho, alitaka bastola iliyotumika, ya risasi ndogo, ya kulengea shabaha klabuni. Kaka Mkongomani aliyetupa lifti aliingia nasi.

Muuzaji akaweka moja juu ya kaunta. Mtutu wake mrefu kama rula ya shule, na nyuma ya mpini fimbo ya chuma imechomoza kama mkia. Nesi akauliza mkia ni wa nini. Muuzaji akajibu hauna kazi kubwa, ila sheria inataka bastola iwe ndefu, isifichike kwenye koti.

Nesi akatugeukia. "Sasa hii ni bastola ama ni fagio?"

Kaka hakucheka. "Dada, kwetu benye bunduki habakukuwa banaificha," akasema polepole, mikono mfukoni.

Nesi aliichukua, mkia na yote. Mimi nilibaki nimechanganyikiwa: mtu akiona bunduki isiyofichika, anatulia au anakimbia? Sheria inasema atulie. Nilipogeuka kumuuliza kaka, alikuwa ameshatoka nje.