Dada yangu aliitwa mchawi kijijini Kisawasawa kwa sababu ya chai nyeusi

Wakuu, heshima kwenu. Hii sikuhadithiwa, nilikuwepo, na hasira bado ninayo.

Mdogo wangu Skola aliolewa Kisawasawa. Haikupita muda, kikachimbwa kisima cha pampu jirani na ukweni. Akachemsha maji yake, akatia majani ya chai.

Chai ikatoka nyeusi tii, kama wino.

Mama mkwe akaita ukoo mzima. "Huyu binti anatuwekea dawa!"

Nikapigiwa simu Ifakara, nikakodi bodaboda.

Chuoni nilisoma kemia, utafiti wangu ulikuwa rangi na usumaku wa complex za chuma, chuma kilichofungamana na kemikali nyingine. Yaani kitu pekee duniani ninachokijua vizuri ndicho kilikuwa kwenye kile kikombe.

Nikamwamkia mama mkwe, nikaeleza: maji haya yana chuma kilichoyeyuka. Kikikutana na majani ya chai vinashikana, na kinachotokea kinameza karibu mwanga wote. Ndiyo mnaona weusi.

Akasimama kaka wa mume, fundi redio, mjuaji wa kijiji. Kaleta sumaku ya spika, kaitumbukiza kwenye chai, kaitoa. Haijanasa kitu.

"Chuma kiko wapi, msomi?"

Watu wakapiga makofi!

Wakuu, chuma kikishafungwa hivyo usumaku wake ni mdogo mno, maabara tunaupima kwa mzani maalumu. Yeye alitegemea sumaku itoke na misumari.

Nikaacha kubishana. Nikakamulia limau, maana limau hukipokonya chuma kutoka kwenye majani. Weusi ukafifia mbele ya macho yao.

Mnadhani waliomba radhi? Mama mkwe akapiga vigelegele: "Mmeona! Limau limetoa uchawi!"

Skola akamgeukia mumewe. "Na wewe unasemaje?"

Jamaa akaangalia chini. "Mama ndiye anayejua mambo haya."

Skola akaingia ndani, akatoka na begi. Tukaondoka.

Sasa anauza vitenge Ifakara. Mume alikuja juzi na mchele, eti mama amesamehe.

Amesamehe!

Skola alimsindikiza mpaka stendi, akarudi peke yake.

Nilichojifunza: weusi wa chai nina dawa yake. Mwanaume anayengoja mama yake afikiri kwa niaba yake, kemia haimsaidii.

Wenye visima vya maji ya kutu, chai yenu ikoje? Na mtakaosema nimevunja ndoa ya dada yangu, karibuni, nipo hapa.