Msomaji Wetu wa Wizarani

Gazeti letu la mtandaoni lilikuwa na makao makuu Makadara, nyuma ya mahakama, katika kiofisi cha kupiga chapa cha mama mmoja wa Machakos. Mchana alichapa hati za kiapo za wenye kesi. Jioni alitukodisha kompyuta na laini ya simu, nasi waandishi watatu tuliotoroka nchi yetu tukaketi kuipindua serikali ya huko.

Mhariri mkuu wetu alitoroka na suti moja na kanuni moja: hakuna habari bila vyanzo viwili. Hata mvua ikinyesha, alichungulia dirishani kisha akauliza kama kuna mwingine aliyeiona. Alishikilia pia tuwe na safu ya tanzia, maana redio ya kwetu ilizisoma kila jioni na watu waliacha kula wasikilize. Ila nani angetuletea? Kwetu mtandao ulikuwa katika ofisi chache za serikali tu. Kila toleo tuliandika, "Wiki hii hatujapokea tanzia."

"Hii maneno yenu inasomwa na nani?" mama wa ofisi alituuliza siku moja.

Tulimjua msomaji wetu. Alikuwa afisa wa wizara ya habari ya kwetu, aliyeajiriwa kutusoma na kukasirika. Alituandikia kila wiki kwamba sisi ni vibaraka, sisi ni wasaliti, na kwamba waziri ana shahada mbili, si moja. Mhariri mkuu alisahihisha shahada. Afisa akichelewa kututukana, tulinuna kama watu waliosahauliwa arusini.

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Nilimwacha mama yangu kwetu akiwa mgonjwa, na kila jirani aliyepokea simu yangu aliitwa kuhojiwa, kwa hiyo niliacha kupiga. Nikawa mtu wa kutangazia dunia siri za ikulu, bila kujua kama mama yangu ameamka salama.

Ndipo ikaingia tanzia yetu ya kwanza. Iliandikwa kwa utaratibu wote wa redio: jina, kijiji, ndugu waliobaki, na siku ya mazishi, ambayo ilikuwa imeshapita. Marehemu alikuwa mama yangu. Mtumaji alikuwa yule afisa, na safari hii hakututukana.

Mhariri mkuu aliisoma mara mbili kando yangu. Kisha, Mungu amsamehe, akasema, "Chanzo ni kimoja."

Nilimchukia. Halafu nikaona kwamba ndani ya kanuni yake mama yangu alikuwa bado hai, nikaing'ang'ania mimi mwenyewe. Nilimwandikia afisa nikimuuliza amejuaje. Miaka yote nilikuwa nikiishutumu serikali ile kwa uongo, na jioni ile nilimwomba Mungu iwe inadanganya.

Jibu lilitungoja kesho yake.

"Nilikuwepo mazishini. Nilitumwa kukusubiri. Ulifanya vizuri kutokuja."

Mama wa ofisi aliniletea chai. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Lia tu." Nikalia. Mhariri mkuu akaifuta ile sentensi yetu ya kila wiki, akaanza kuchapa tanzia ya kwanza ya gazeti letu, na mtu pekee ambaye angeisoma alikuwa ameshahudhuria mazishi.