Tulivyokwenda Lilongwe Kuchagua Tela

Safari hii ilikuwa ya shemeji yangu Bahati, mume wa dada yangu Furaha. Mimi nilikuwa mdomo wake tu. Kabla ya vita kule kwetu, Bahati alikuwa dereva wa malori ya kubeba mitambo mizito, mabuldoza na ekskaveta, kati ya Bukavu na Uvira. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ambako tulikuwa tumeshakaa zaidi ya miaka kumi, kazi yake ilikuwa kukaa kando ya cherehani ya mke wake na kukata nyuzi. Mtu aliyewahi kuteremsha buldoza mlimani alikuwa anakata nyuzi za sare za shule, na alizikata vizuri, jambo lililonihuzunisha kuliko kama angezikata vibaya.

Mchungaji wetu ndiye aliyeleta habari. Mkandarasi mmoja wa Lilongwe, Bwana Phiri, alikuwa amenunua ekskaveta iliyotumika na sasa alitafuta lori na tela la kuibebea. Alihitaji mtu wa kumsaidia kuchagua. Chaguo likimfaa, aliyechagua angepewa usukani, na Phiri mwenyewe angemhangaikia kibali cha kufanya kazi nje ya kambi. Bahati alisikiliza mkasi ukiwa hewani. Dada yangu alitia makaa kwenye pasi bila kuambiwa.

Niliandamana naye kama mkalimani, kwa kuwa Kiingereza cha Bahati kiliishia kwenye majina ya vipuri. Mimi nina shahada ya jiografia, ambayo kambini imenisaidia hasa kujua upande gani jua litachomoza.

Asubuhi tulipanda kabaza, baiskeli mbili za abiria, hadi barabara kuu, halafu tukapata nafasi nyuma ya pikapu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mahindi pande zote yalikuwa ya kijani kizito. Bahati alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo ikawa na makali. Alisimama njia nzima, ameshika chuma cha pikapu, asiuchafue mgongo.

"Kaa chini, shemeki," nilimwambia. "Utafika umechoka."

"We kaa, Prof. Mi naangalia vile uyu shofere anabadilisha vitesi. Anaua gari ya batu." Gia aliziita vitesi.

Lilongwe tulishuka karibu na mtaa wa Chilinde, tukapita katikati ya soko, kati ya mafundi wa baiskeli na wauza mitumba, hadi kwenye uwanja wa muuza malori. Bwana Phiri alikuwa anatungoja. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu vya mpira. Alimwita Bahati "achimwene", yaani kaka, akampa mkono kwa adabu ya Kimalawi, wa kushoto umeshika kiwiko cha wa kulia.

Uwanjani kulikuwa na seti mbili. Ya kwanza ilikuwa lori la makamo, injini ya kawaida, limefungiwa tela refu la kitako cha chini lenye ekseli tatu na matairi mengi kama miguu ya jongoo. Ya pili ilikuwa kichwa cha lori chenye nguvu, difu mbili za kuzungusha magurudumu ya nyuma, breki ya injini inayonguruma, na nyuma yake tela fupi, la juu kidogo, ekseli mbili tu. Bei zilikaribiana. Phiri alisema ekskaveta yake ilikuwa Nathenje, kusini mwa mji, na kazi ya kwanza ilikuwa kuchimba bwawa ndani kidogo, mbali na lami.

Bahati alivua shati, akalikunja, akanipa. Kisha akaingia chini ya malori, akatoweka. Tulisikia akigonga hapa na pale. Alipotokea alikuwa mweusi hadi kwenye nyusi na amechangamka kama bwana harusi.

"Njo hii," alisema, akilipiga kofi tela fupi. "Ile ndefu ni ya kubeba mabibi harusi. Kwenye kona itakatala, matako itabaki nyuma inaning'inia. Na freni ya injini! Sikia, Prof. Mwambie: bila hii, uzito inakusukuma mpaka mbinguni."

Nilimwambia Phiri. Nilitafsiri vizuri mno. Niliongeza hata mambo ya msukumo na mteremko niliyoyakumbuka chuoni. Phiri alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa.

"Na mutu wa kale atasimama wapi?" Bahati aliuliza.

Hilo lilimshinda muuzaji, ikabidi nieleze. Kwetu, lori lenye mzigo mzito halipandi mlima bila mtu anayening'inia nyuma na kabari ya mbao. Lori likishindwa, anaruka na kuisukuma chini ya tairi. Kale ndiyo hiyo kabari.

"Hapa hatuna mtu kama huyo," muuzaji alisema.

"Basi munafanyaka nini gari ikirudi nyuma?"

Muuzaji alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Irudi nyuma kutoka wapi?"

Bahati alicheka, akaniambia kwamba huyu anauza malori lakini hajawahi kuyapanda. Nami nilicheka. Tulikuwa wageni wawili wenye furaha, tukimcheka mwenye nchi kwa kutoijua barabara.

Mchana Phiri alikubaliana na muuzaji kwamba tela fupi lijaribiwe. Dereva wa muuzaji alituendesha hadi Nathenje, barabara imenyooka kama mstari wa rula. Ekskaveta ilipandishwa, ikafungwa minyororo, na Bahati akakagua kila pete kwa kidole. Tulipoiacha lami, dereva yule alimwachia usukani.

Sijui niandikeje kilichofuata. Alikaa. Akavuta pumzi. Uso wake ulirudi mahali pake, uso ambao dada yangu aliolewa nao na ambao mimi nilikuwa nimeusahau. Alibadilisha gia bila kelele. Mbele ya kona ndogo, ambayo hata mbuzi asingeipunguzia mwendo, alishuka gia mbili, akawasha breki ya injini, akapiga honi ndefu kumwonya anayepanda kutoka upande wa pili. Hakuna aliyekuwa anapanda. Kulikuwa na shamba la karanga, na anga.

Ndipo nilipoelewa, na ndipo lori lilipozama.

Udongo wa pale ni mweusi, na ukinyeshewa huwa kama uji. Ekseli mbili zilibeba uzito wote mahali pamoja, zikakata ardhi kama kisu. Bahati aliongeza moto. Injini yenye nguvu ilituchimbia kaburi kwa haraka zaidi. Tela liliinama hadi kitovu cha magurudumu kikafunikwa, na ikabidi ekskaveta ishushwe ijivute yenyewe, kisha itukokote.

Phiri hakupandisha sauti. Alisimama kwenye tope na viatu vyake vya mpira, akazungusha mkono polepole kuonyesha tambarare yote, kutoka upeo hadi upeo.

"Pepani, achimwene," alisema, kama anayeomba radhi. "Mlima uko wapi?"

Sikuhitaji kutafsiri. Bahati aliutazama ule utambarare kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Niliona Ngomo." Ngomo ni mteremko wa kwetu, kati ya Bukavu na Kamanyola, wenye kona ambazo tela refu haliwezi kuzizunguka. Nikamwambia Phiri ni jina la mlima. Akauliza uko mbali kiasi gani. Mimi, mwanajiografia, nilisema sijui.

Alitulisha nsima, ugali wa huko, na maharage kwa mama mmoja sokoni Nathenje, akatuaga kwa heshima. Angechukua tela refu, na dereva wa muuzaji.

Jioni tulirudi Dzaleka. Nyuma ya pikapu Bahati alikaa, shati jeupe likagusa kila kitu. Nilichojifunza ni kidogo. Tunasema kwamba tumeikimbia nchi, na tunapewa kadi zinazothibitisha hivyo. Lakini mtu akipewa usukani ndipo anapojua yuko wapi. Bahati alichagua tela lililo bora kabisa kwa barabara iliyoko nyuma ya mipaka miwili mitatu, na mimi nilimsaidia kwa Kiingereza safi.

Dada yangu alitupokea, akaliona shati, hakuuliza kuhusu kazi. Aliweka maji ya kunawa.

"Gari ilikuwa muzuri?" alimuuliza.

"Ya nguvu, Furaha."

"Ungenipitisha wapi nayo?"

Bahati aliinua mkono, akaanza. Aliitoa Bukavu kuelekea Uvira, akapita Nyangezi taratibu, akaishusha Ngomo kona kwa kona, mkono wake ukibadilisha gia hewani. Dada yangu alikaa kwenye kiti cha cherehani, amefumba macho, akiinamia kila kona. Kamanyola. Luvungi. Sange.

"Tumefika?" aliuliza.

"Bado," Bahati alisema, mkono ukasimama. "Mbele kuko bariere ya basirikari."