Ndikuriyo Asiyeishi Popote

Ndikuriyo ni Mrundi mwenye mashine ya kusaga pale Kanazi, upande wa Tanzania. Mke wake, Odeta, yuko ng'ambo, kwenye mlima wao huko Burundi. Kila wiki bwana huyu huvuka mpaka, husaga mahindi na mihogo siku mbili tatu za soko, kisha hurudi. Ni mtu mcheshi, na unga wake hauna kasoro. Kasoro anayo mwenyewe, nayo ni kukwepa.

Katika vilima vile mgonjwa akizidiwa, hubebwa kwa ngobyi, machela ya kusukwa inayokaa mabegani mwa wanaume wanne, nao hupokezana mpaka barabarani. Kila nyumba ina zamu. Zamu ikifika kwa Ndikuriyo, hunyoosha mikono yenye unga na kusema, "Jamani, mimi mgeni, napita tu." Kwao, Jumamosi majirani wakiitwa kuchimba mitaro ya barabara, hujinyoosha kitandani na kumwambia Odeta, "Waambie mimi naishi Tanzania, nimekuja kupumzika." Mpaka ukawa mwavuli wake, mvua ikitoka huku, yeye yuko kule.

Mwaka huu akaenda mjini Ngara kupeleka ritani ya kodi ya mapato. Afisa aliyempokea alikuwa binti mpole aitwaye Joyness.

"Shikamoo mzee. Wewe ni mkazi au si mkazi?"

"Marahaba mwanangu. Ipi ina nafuu?"

Joyness akacheka, akamweleza. Mkazi ana kiasi cha mapato kisichoguswa. Asiye mkazi hukatwa tangu shilingi ya kwanza. Ndikuriyo akapata ukazi palepale. Alisema anaishi Kanazi, tena anaipenda mno.

"Basi niletee barua ya mwenyekiti wako wa kitongoji," Joyness akasema, "na hati yako ya kusafiria."

Mwenyekiti ni Bonifasia, mama mtu mzima mwenye ulimi mwepesi. Ndikuriyo alimkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mgeni wetu. Karibu, ingawa najua unapita tu."

Ndikuriyo akalieleza shauri lake huku akitazama maganda. Bonifasia akamsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, unga wako naula na sina ugomvi nawe. Lakini hii barua niandike nini? Kwamba nimekuona chini ya ngobyi? Kwamba ulikuja msiba wa marehemu Pancras? Nenda ukaombe kwenu."

"Kwetu hawataandika," alisema polepole. "Nimewaambia naishi huku."

Mama yule alicheka mpaka kisu kikamponyoka. Kisha kicheko kikamwishia, akamtazama kwa huruma iliyomuuma Ndikuriyo kuliko matani yote.

"Na siku ukianguka pale mashineni, baba, tukubebe tukupeleke wapi?"

Ndikuriyo alirudi kwenye mashine yake akakaa juu ya gunia, na kwa mara ya kwanza akauogopa ule mwavuli aliojifunika miaka yote.

Mjini Ngara alimwambia Joyness aandike kwamba si mkazi. Joyness alipofungua hati, mihuri ya mpakani nayo ilisema hivyohivyo: siku alizolala nchini hazikutosha hata nusu ya mwaka. Ndikuriyo alilipa kodi ya wageni bila kubisha, jambo lililowashangaza waliomfahamu. Wengine walidhani anaumwa.

Siku ya soko iliyofuata, wakati anafunga mlango wa mashine ili awahi kuvuka, filimbi ya kuita wabebaji wa ngobyi ikalia. Tomasi, mzee wa nyumba ya juu, alikuwa ameteguka nyonga. Ndikuriyo akasimama na funguo mkononi. Kisha akaziweka mfukoni, akapanda kilima, akaweka bega.

"Angalieni, mgeni asije akachubuka!" kijana mmoja akapaza sauti. Bega lilichubuka kweli. Tomasi mwenyewe, pamoja na maumivu yake, alilalamika kwamba upande wa Mrundi unayumba. Ndikuriyo alitukana kimoyomoyo, akajisikia vizuri sana.

Jua lilikuwa limezama walipofika barabarani kusubiri gari, na simu ikaita. Alikuwa Odeta, na sauti yake ilisikika kwa wote; Kirundi na Kihangaza cha pale Ngara ni ndugu, hakuna aliyehitaji mkalimani.

"Chakula kimepoa. Uko wapi?"

"Niko nyumbani," Ndikuriyo akajibu akihema, "tumembeba Tomasi."

"Nyumbani?" Odeta akauliza taratibu. "Na mimi niko wapi?"

Wabebaji wakaangua kicheko, Tomasi pia. Ndikuriyo akasogea pembeni kidogo na simu yake.

"Jumamosi," akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "usiwaambie chochote hao wa mitaro. Nitafutie jembe."