Siku Niliyombeba Mama Mkwe

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza mwishoni mwa Juni, majira ambayo Njombe hakuna mtu mwenye akili zake anayeoga bila kuchemsha maji. Mama yangu alikwishafariki, na dada zangu wameolewa mbali, kwa hiyo mzazi nilimhudumia mwenyewe. Nilipika uji ukajaa madonge. Nilimfunika mtoto kwa mablanketi hadi nesi wa zahanati akanigombeza kwamba nitamziba pumzi. Asubuhi moja mke wangu alimpigia simu mama yake, Muheza, akaanza kulia kabla hata hawajamaliza kusalimiana.

"Usilie," nilimsikia mama mkwe akisema. "Nakuja."

Nilikuwa nimeonana naye mara mbili tu, siku ya mahari na siku ya harusi. Mke wangu ni Mbondei. Tulikutana chuo cha ualimu huko Tanga. Mama yake hakutupinga, ila aliuliza, "Huko Njombe ni nchi hii hii?" Siku zote mbili yeye aliketi upande ule, mimi upande huu, tukasalimiana macho chini. Kwetu Wabena wazee walitufundisha kwamba mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono ovyo, na kwao niliona mambo hayakuwa mbali na hayo. Nilimwogopa kama mtu anavyomwogopa askofu. Hajakufanyia baya lolote, lakini ukimwona tu unafunga vifungo vya shati.

Mabasi ya kuja Njombe moja kwa moja yalikuwa yamejaa, akapanda la Mbeya ili ashukie Makambako. Siku hiyo baba yangu mdogo, ambaye ni mkulima wa viazi mwenye pikapu ya zamani, alikuwa anapeleka mzigo huko huko, nikapanda naye. Nilibeba koti zito la mtumba na soksi. Mke wangu alinionya, "Mama anajua baridi ya alfajiri ya Muheza. Ile siyo baridi."

Makambako ni mji wa upepo, na siku ile ulikuwa umeamka vibaya. Mama mkwe aliposhuka kwenye basi, kanga aliyojitanda ilipeperuka ikamfunika abiria aliyemfuata. Alikuwa amevaa gauni la kitenge na makubazi. Mkononi alishika kikapu cha nazi na viungo, amekikumbatia kama mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mzazi hajambo?"

"Hajambo. Mama, nimekuja na koti."

"Koti la nini? Mimi sina baridi." Meno yake yaligongana wakati anasema.

Kwenye gari nilitaka kukaa nyuma, kwenye magunia matupu, ili yeye apate nafasi na heshima yake. Baba mdogo akakataa. "Ukigandia huko nyuma, mkeo nitamwambia nini?" Basi nikakaa katikati, kikapu tukakiweka baina yangu na mama mkwe, nami nikabana magoti upande wa gia hadi baba mdogo akashindwa kuingiza gia ya pili. Tulipotoka mjini tu, mama mkwe alilivuta lile koti kutoka mapajani mwangu akalivaa.

Barabara ya Makambako kuja Njombe ni ya lami na ni nzuri. Lakini mwezi wa saba, ukungu ukishuka kwenye misitu ya misindano, uzuri wa lami unausahau. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, yale yasiyo mvua wala si umande, yanayokulowanisha bila wewe kujua yameanza lini. Baba mdogo aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha kwa sababu waipa ya upande wake ilikuwa imekufa. Taa za magari yaliyokuja mbele zilitokea ghafla, za njano, zikapita.

"Mwanangu anaishi humu?" mama mkwe aliuliza.

"Tunaishi mbele kidogo, mama. Jua huwa linatoka."

"Lini?"

Nikajifanya nafuta ukungu kwenye kioo.

Tukakuta foleni. Lori la mbao lilikuwa limeteleza kwenye mteremko, likalala na kukata barabara yote. Utingo wake alikuwa anapita gari hadi gari akiwaambia watu wasubiri winchi kutoka Makambako. Waliokuwa na haraka walikuwa wanageuza na kuingia njia ya kijijini iliyozunguka mlima na kutokea mbele. Baba mdogo alinitazama, akamtazama mama mkwe aliyekuwa anatetemeka ndani ya koti, akageuza gari.

"Njia hii naijua," alisema.

Aliijua, lakini wakati wa kiangazi. Siku ile ule udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Tulipanda kilima cha kwanza vizuri. Tulipokuwa tunashuka, matairi ya nyuma yakaamua kwenda yanakotaka. Gari lilizunguka taratibu, bila kelele, likaingia mtaroni na kutulia, limeinamia upande wa mama mkwe. Hakuna aliyeumia. Nazi moja ilitoka kikapuni ikagonga kioo.

Tulijaribu kusukuma, mimi na baba mdogo, mpaka tukawa wekundu kuanzia viatu hadi nyusi. Gari lilizidi kuzama. Jioni ilikuwa inaingia na simu hazikushika mtandao. Juu ya kilima, upande wa pili wa bonde dogo, moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la jiko la mtu.

"Mpeleke mama pale," alisema baba mdogo. "Mimi nabaki na gari."

Mama mkwe alishuka. Hatua ya kwanza, kubazi moja likabaki kwenye tope. Akainama kulitafuta na la pili nalo likang'oka. Akavuka maji ya mtaro miguu mitupu, na maji yale, nawaambia, hata sisi tuliozaliwa huku hatuyakanyagi bila kusema kitu. Yeye hakusema kitu. Alitembea kidogo, akasimama, akashika mti.

"Miguu siisikii," alisema kwa sauti ndogo, kama anaomba radhi.

Nilirudi kwa baba mdogo. "Hawezi kutembea."

"Mbebe."

"Nimbebe vipi?"

"Mgongoni. Au wewe ulitaka kumbeba kichwani?"

Mama mkwe alitusikia. "Hapana," alisema. "Mkwe habebi mkwe. Haijapata kutokea."

Baba mdogo ni mzee wa kanisa, na akitaka kusema jambo zito hutumia sauti ile anayosomea matangazo ya Jumapili. Alimsogelea, akavua kofia. "Mama, heshima tunaifahamu hata sisi. Lakini huku kwetu tunaanza kwanza na mtu awe hai, halafu ndiyo tunamheshimu."

Mama mkwe akapangusa manyunyu kwenye kope. Kisha akaniambia, "Geuka huko. Usinitazame."

Nikageuka, nikachuchumaa. Alipanda mgongoni pamoja na kikapu chake. Hakutaka kukiacha, kikawa kinanigonga kifuani kila nikipiga hatua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Miguu yake niliyoishika ilikuwa baridi kama chuma cha jembe asubuhi. Tulishuka bondeni kimya, nikavuka kijito nikiomba Mungu nisianguke, tukaanza kupanda.

"Unakula wewe?" aliuliza nyuma ya sikio langu.

"Nakula, mama."

"Mabega yako mifupa mitupu. Mwanangu anakupikia?"

"Ananipikia sana."

"Mh."

Nikateleza, goti likagusa chini. "Polepole, baba," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Baadaye kidogo akaendelea, kama anaongea na nafsi yake: "Huyu mkeo nilimbeba hivi hivi hadi hospitali, ana degedege. Mvua kama hii. Ila ile ilikuwa mvua ya moto."

Mama yangu mimi sikuwahi kumbeba. Aliugua muda mfupi, na siku aliyotakiwa kubebwa walikuwapo wengine. Nilimfikiria njia nzima.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa makamo aliyejifunga blanketi kiunoni. Alitoka mlangoni aliposikia mbwa akibweka, akatutazama, na hakuuliza sisi ni nani.

"Kamwene," nilimsalimu kwa Kibena.

"Kamwene." Akamshusha mama mkwe mgongoni mwangu kama mtu anavyompokea mwenzake mzigo wa kuni, akamwingiza jikoni. Nikataka kufuata. "Wewe kaa huko kwanza," alisema. "Anabadili nguo."

Nilikaa nje na shati langu lililolowa, nikiruka-ruka. Ndani nilisikia maji yakimiminwa na yule mama akikataza jambo. Nilikuja kujua kwamba mama mkwe alitaka kuitia miguu motoni moja kwa moja, mwenzake akamzuia, akamkanda kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Niliporuhusiwa kuingia sikumtambua. Alikuwa amevaa sketi mbili, sweta kubwa la kiume, soksi nene na kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi, amekaa kwenye kigoda karibu kabisa na moto wa kuni za miwati.

"Cheka tu," aliniambia. "Nimekuona."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele yake.

Kijana wa jirani alitumwa kwenda kumwita baba mdogo. Tulikula viazi vya kuchemsha kwa chumvi, tukanywa chai ya rangi. Mwenyeji hakukijua Kiswahili kingi, na mama mkwe hakujua hata neno moja la Kibena, lakini walizungumza wenyewe kwa wenyewe na sisi wanaume wakatusahau. Mama mkwe alitoa iliki kikapuni, akaiponda kwa jiwe, akaitia kwenye chai. Mwenyeji akanusa kikombe, akafumba macho, akanusa tena. Mama mkwe akammiminia iliki zote zilizobaki kwenye kiganja. Viungo vile vilikuwa vya mzazi, lakini nani angemwambia?

Alfajiri mbingu zilikuwa wazi na baridi imekaza. Niliamshwa na sauti ya mama mkwe uani.

"Nani kamwaga chumvi huku?"

Sakitu ilikuwa imeanguka. Nyasi zote zilikuwa nyeupe, paa la banda jeupe, hata kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imeota manyoya meupe. Alikuwa amesimama katikati akiwa na ile kofia yake, ameokota kidogo kwa kidole, ameonja.

"Siyo chumvi, mama. Ni umande umeganda."

"Umeganda wenyewe?"

"Wenyewe."

Kwao ana friji barazani, huuzia watoto wa shule barafu za ukwaju. Alitazama uwanja ule mweupe kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kwa hiyo huku Mungu anawatengenezea bure," alisema, "na mimi kule nalipa umeme." Wala hakuwa anatania. Baadaye, tulipokwisha kuzoeana nyumbani, alikoroga ukwaju akauacha nje kwenye vikombe usiku kucha. Asubuhi ulikuwa umeshika utando mwembamba tu juu, lakini mke wangu aliula kwa kijiko, amefumba macho, akasema ni ule ule wa nyumbani.

Lakini pale uani mwenyeji hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama ukingoni akitazama bondeni, kwenye kinyungu chake, bustani ya viazi anayoitegemea wakati wa kiangazi. Majani yalikuwa yamelala chini. Jua likiyapata, aliniambia kwa Kibena, yatakuwa meusi kama yameunguzwa na moto. Nikamfasiria mama mkwe. Tabasamu likamtoka usoni, akaenda kusimama karibu naye.

"Pole, mwenzangu," alisema. Kisha akauliza, "Yote?"

Mwenyeji akaelewa bila kufasiriwa. Akaonyesha kwa mkono sehemu ya juu, karibu na nyumba, ambayo baridi haikuifikia. Wakasimama pale wawili, mabega yamegusana, mpaka jua lilipotoka.

Vijana wa kijiji walikuja na mapanga, wakakata matawi ya miwati, wakayatandika chini ya matairi, tukasukuma kwa pamoja na gari likatoka. Makubazi yalipatikana, moja limekatika mkanda. Mama mkwe alitaka kurudisha nguo za kuazima, mwenyeji akamshika mikono akamkatalia. Mama mkwe akamwachia kanga yake moja na nazi zote isipokuwa ile iliyogonga kioo, ambayo ilikuwa na ufa.

Tulifika Njombe mchana. Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, maana hakuwa amejua tulipolala. Alimwona mwanamke aliyevaa kofia ya sufu na sweta la kiume anashuka garini, akamwamkia kama mgeni, kisha akaitambua sauti. Walikumbatiana mtoto akiwa katikati yao mpaka mtoto akalalamika. Mama mkwe alimpokea mjukuu, akamfunua uso, akamtazama kwa makini.

"Mbona mmemvika nguo chache?" alisema. Nesi na mimi tulitazamana wiki zote zilizofuata kila mama mkwe alipokuja zahanati na yule mtoto aliyeviringishwa kama mkate.

Jioni ile nilitumwa kupasua kuni nyuma ya nyumba. Mke wangu alikuwa amekandwa kwa maji ya moto kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, na dirisha la jiko lilikuwa wazi kwa ajili ya moshi.

"Kakubeba?" nilimsikia akiuliza.

"Kanibeba."

"Mgongoni, mama?"

"Sasa ningefanyaje? Miguu ilikwisha kufa." Sufuria ikafunikwa. "Ana mgongo mzuri, ila mwembamba. Mpe maziwa."

Kisha wakaanza kucheka, mmoja akinyamaza mwingine anaanza upya, mpaka mtoto akaamka na wakacheka hata hilo. Kuni zilikuwa zimetosha zamani. Nikachukua gogo lingine, nikaliweka, nikaendelea kupasua.