Barua ya Kartie Nilitia Herufi za Ndoa

Mi njo niliharibu. Musiulize shetani, ni mi na kiburi yangu!

Kazi yangu ni kuandikia batu barua ku ordinateri, ile kompyuta, pembeni ya soko, hapa Kolwezi. Siku moya Mama Kapinga akakuja. Kartie yetu, ni kusema mutaa wetu, ilimuchagua aseme mbele ya kompani yenye inapasua mabwe na baruti karibu yetu, juu manyumba yetu yote inapasuka. Ba kompani balituambia: ku mukutano, kila kartie mujumbe moya, ukurasa moya.

"Mwanangu, uniandikie herufi kubwa, ya wazi. Macho yangu unayajua."

Nikaitika, "Ndiyo, mama." Kisha nikatia herufi ya kujikunja-kunja, ile tunatiaka ku mialiko ya ndoa! Nilitaka bale bakubwa ba kompani baone kama kwetu kuko batu ba masomo. Mujinga mi!

Ata kuiandika ilinisumbua. Barua ya saa moya ilinikamata siku muzima. Nakaza macho, nafuta, narudilia. Na juu itoshe mu ukurasa moya, nikaipunguza ikakuwa kama sisimizi. Miye mwenyewe, na macho ya kijana, nilikuwa nashindwa kuisoma, na bado nikamupa!

Ku mukutano, Mama akaleta karatasi karibu ya pua, akaipeleka mbali. Akasoma mustari moya, akakwama. Bwana moya wa kompani akacheka! Nikakimbia mbele nimusomee, bakanikatalia: mujumbe tu njo anasema. Bakamuambia: "Mama, kama haujue kusoma, keti." Bakaita kartie ingine.

Leo manyumba ya ile kartie ingine iko mu liste, orodha ya kutengenezwa. Yetu hakuna ata moya. Mubaya ule mwenye kucheka! Lakini mi namupita kwa ubaya.

Juu tulipotoka, Mama alinishika mukono: "Mwanangu, unisamehe. Macho yangu imepotezea kartie yetu nafasi." Na mi sikumuambia kama kosa ni ya herufi yangu. Nilimuficha, bandugu! Na batu banamutukana mupaka leo, eti tulituma mama hajasoma.

Weye mwenye kuandikia batu, achana na herufi ya kukupendeza weye. Uliza mwenye atasoma. Na ukikosa, sema palepale, kabla mama ya batu aanze, sawa Mama Kapinga leo, kuchota maji saa yenye majirani bamelala, juu ya kukimbia midomo yabo.